Mtoto wa Mwezi wa Saba

Tulishushwa Kyumbi saa nane mchana, mume wangu, mimi na binti yetu wa miaka minane, tukiwa na masanduku matatu, godoro la mtoto na ndoo ya asali ya Njombe tuliyoleta iwe zawadi kwa wenyeji wetu. Gari la shule lilitakiwa litusubiri pale njia panda, mahali barabara ya kwenda Machakos inapoiacha ile ya Mombasa. Halikuwepo. Mume wangu akapiga simu, akaambiwa tuvute subira. Saa tisa akaambiwa hivyo hivyo. Ilipofika saa kumi na moja, dada wa ofisini akasema bila kuona haya kwamba gari limekwenda uwanja wa ndege kupokea familia nyingine ya walimu wapya, na kwa kuwa sisi tunajua njia za huku, tukodi tu gari tuje.

Tunajua njia za huku! Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka mpaka wa Namanga tangu nizaliwe. Nilikuwa mgeni kuliko hao waliokuwa wakishuka kwenye ndege, maana wao angalau walikuwa na mtu wa kuwashikia mabegi.

Aliyetupokea Kenya alikuwa mama aliyeuza matunda kando ya barabara. Alitutazama kwa muda, kisha akatoa benchi lake nyuma ya meza na kulipangusa kwa leso.

"Kaa hapa, mwaitu," akaniambia. Baadaye nilijifunza kwamba ndivyo Wakamba wanavyomwita mama kwa heshima. "Hiyo shule iko mbali kidogo. Mtoto iko na njaa?"

Binti yangu akamwamkia, "Shikamoo." Yule mama akacheka hadi akaweka kisu chini. "Ati shikamoo! Huyu mtoto ametoka wapi na hii adabu?" Akamkatia papai zima, akakataa kulipwa. Ndiye aliyetutafutia gari la kukodi, Probox kuukuu, lililotufikisha shuleni, giza likiwa limeanza kuingia.

Nianze na kwa nini tulikwenda. Kanisa letu kule Njombe lilikuwa limeombwa litoe walimu wawili kwa shule ya misheni nje kidogo ya mji wa Machakos, shule ya watoto wa wamisionari wa ng'ambo na ya watoto wa Wakenya wenye uwezo. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, mimi wa Kiswahili. Jumapili ya mwisho wazee walituwekea mikono, kwaya ikaimba, kina mama wakanifunga vitenge vitatu juu ya gauni, na mchungaji akatutangaza kuwa wamisionari wa kwanza kutumwa na usharika wetu nje ya nchi. Mama yangu mzazi alilia kwa fahari. Kwa hiyo tulipoondoka tulijua sisi ni nani.

Asubuhi ya pili sekretari wa shule alitupa fomu. Juu yake kulikuwa na visanduku viwili, kimoja cha wamisionari, kingine cha wafanyakazi wa hapa. Niliweka tiki kwenye cha kwanza. Sekretari, dada mwenye sura nzuri ya upole, akaitazama ile tiki kana kwamba nimemwaga chai.

"Madam, nyinyi mtaandikwa hapa chini."

"Sisi si wa hapa. Tumetoka Tanzania. Pasi zetu ndizo hizo mkononi mwako."

"Naona. Lakini wamisionari ni wale wa ng'ambo."

"Na Tanzania si ng'ambo ya Kenya?"

Akacheka kwa aibu. "Madam, si mimi nilitengeneza hii fomu."

Na kweli si yeye. Katika miaka mitatu niliyokaa pale sikuwahi kukutana na mtu aliyetengeneza chochote. Mambo yote yalikuwepo kabla ya watu, na watu waliondoka wakayaacha.

Kisanduku kile ndicho kilichoamua tuishi wapi. Shule ilikuwa mlimani. Juu, karibu na tangi kubwa la maji, kulikuwa na nyumba za wamisionari zenye veranda na bustani. Chini, upande wa pili wa uwanja wa mpira, zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa hapa, na mojawapo ikawa yetu: vyumba viwili, sebule, na bomba jikoni lililotoa maji Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Siku nyingine lilitoa hewa. Sisi tumetoka Njombe, mahali ambako mvua ikianza watu hukaa wiki nzima wakiiomba ipumzike. Ukambani maji ni kitu cha kufikiriwa tangu unapofungua macho. Nilikubali hilo. Nchi kavu ni nchi kavu, haina kosa. Lakini nchi haikuwa kavu kule juu. Jumatano, nikiwa nasafisha vyombo kwa kikombe kimoja cha maji, niliweza kuona kwa dirisha mpira wa maji ukimwagilia maua ya jirani zangu wa mlimani.

Maisha yakaendelea hata hivyo, na mengine yalikuwa matamu. Saa kumi na mbili asubuhi mume wangu alikuwa ameshapiga pasi sare ya mtoto, mimi nimeshakoroga uji. Jirani yetu alikuwa mpishi wa shule, Mkamba, mama wa makamo mwenye mikono kama ya mwanamieleka. Alinifundisha kupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharage hadi yalainike, na mimi nikamfundisha kutia tui la nazi ndani yake, jambo alilolitazama kwanza kama uchawi, kisha akaomba kubakishiwa. Alikuwa na binti wa rika la wangu. Wale wawili walicheza pamoja kila jioni, mmoja akisema Kikamba na mwingine Kiswahili cha Njombe, na sikumbuki hata siku moja waliyoshindwa kuelewana.

Jumamosi tulitembea hadi kwenye soko dogo la Mumbuni au tulifika sokoni mjini. Wauza mboga wakanijua upesi. "Yule wa Tanzania amefika!" mmoja alikuwa akipaza sauti. "Hebu sema kitu, tusikie Kiswahili!" Nikisema, "Naomba unipunguzie kidogo, dada yangu," safu nzima ilicheka na kurudia, "Naomba unipunguzie!" na bei ikapunguzwa. Hawakunicheka kwa ubaya. Walinifanya nijione nina kitu.

Kule shuleni nilichokuwa nacho hakikujulikana ni cha nini. Mbali na madarasa ya wanafunzi, niliombwa nifundishe Kiswahili familia zilizotoka ng'ambo. Nikapewa kijitabu kilichotumika miaka yote. Nikakifungua nyumbani. Somo la kwanza: Leta maji. Somo la pili: Fagia hapa. Somo la tatu: Fungua geti. Funga geti. Osha gari. Nikageuza kurasa nikitafuta "tafadhali," nikaipata mara moja tu, kwenye orodha ya maneno ya ziada. Hapakuwa na "shikamoo." Hapakuwa na "pole." Mtu angeweza kumaliza kijitabu chote, akajua kumtuma mtu mzima kazi ishirini, asijue kumuuliza ameamkaje.

Nilimrudishia mkuu wa shule kijitabu chake. Alikuwa mzee wa ng'ambo, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, aliyekaa Machakos miaka mingi.

"Sitafundisha hiki," nikamwambia.

"Ni maneno wanayoyahitaji kila siku," akasema.

"Ndiyo maana sitakifundisha."

Alitabasamu kama anayemsikiliza mtoto mwerevu, akaniambia nitumie ninachokitaka. Nikaandika masomo yangu mwenyewe. Wiki za kwanza wanafunzi wangu wazima walijifunza kusalimia na kuomba tu, hakuna kutuma. Mmoja aliacha. Waliobaki, nakiri, walikuwa watu wazuri, na wawili wao nawaandikia hadi leo.

Basi ndivyo tulivyoishi, tukinung'unika na kucheka, hadi Jumamosi moja katika mwaka wetu wa pili. Maji yalikuwa hayajashuka tangu Jumatatu. Alhamisi bomba lilikoroma likanyamaza. Nilikuwa na shuka za kufua na nusu ndoo ya maji, nikamwambia binti yangu apande na dumu dogo la lita tano hadi kwenye bomba la chini ya tangi, ambako askari wa geti alituruhusu tuchote kimya kimya. Alikuwa amevaa gauni la zamani la kuchezea, kiraka begani. Viatu vyake nilikuwa nimevifua, vinakauka kibarazani, na ndala alizikataa kwa sababu ukanda mmoja ulikuwa umekatika. Akaenda peku.

Alichelewa. Aliporudi aliweka dumu chini, akasema, "Mama, yule dada wa kamera amenipiga picha."

Dada wa kamera alikuwa msichana wa ng'ambo aliyekuja mwaka ule kushughulikia habari na matangazo ya shule.

"Amekupiga ukifanya nini?"

"Nikibeba dumu. Mara nyingi. Ameniambia nisicheke."

"Kwa nini usicheke?"

"Amesema nikicheka haitakuwa nzuri."

Nilikuwa na shuka mkononi, sabuni hadi kwenye viwiko. Nikasema, "Haya, lete maji." Hilo ndilo nililosema. Mtoto amenieleza jambo zima kwa maneno machache kuliko ninavyoweza mimi, nami nikataka maji. Nikikumbuka siku ile najikasirikia mwenyewe kabla sijamkasirikia mtu mwingine.

Miezi ikapita. Mwanzo wa mwaka uliofuata likaja kundi la wageni, waumini wa makanisa ya ng'ambo yanayoisaidia shule. Jumapili baada ya ibada tulisimama uwanjani tukinywa chai. Binti yangu, sasa ana miaka kumi, alikuwa na gauni lake la njano na viatu vyeusi vinavyong'aa, akigawa biskuti. Mgeni mmoja, bibi wa miaka sabini na kitu, mwenye nywele nyeupe kabisa, akamtazama, akaweka kikombe chake chini, akapiga magoti kwenye nyasi, akamkumbatia. Alikuwa analia.

Nilisogea karibu. Bibi yule akamuuliza kwa Kiingereza, "Mpenzi wangu, sasa nani anakutunza?"

"Mama na baba," akajibu binti yangu, sahani ya biskuti ikiwa imelalia upande.

"Mama gani?"

"Yule pale."

Yule bibi akainuka kwa shida, akanishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mungu akubariki," akaniambia, "kwa kumchukua."

"Kumchukua wapi?"

"Kumchukua awe wako."

"Mama," nikamwambia, maana umri wake ulikuwa wa mama yangu, "mimi nilimchukua tumboni miezi tisa."

Akaniachia mikono. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kalenda iliyokunjwa katikati. Alikuwa ameileta kutoka kwao ili amtafute huyo mtoto. Akafungua mwezi wa saba.

Alikuwa binti yangu. Kichwa kimeinama kidogo, dumu limemvuta bega, miguu peku kwenye vumbi jekundu, na uso wake, ambao hucheka hata usingizini, umekufa kama wa mzee. Chini yake kulikuwa na jina ambalo si lake, na maelezo. Kwamba ni yatima. Kwamba baba yake alifariki na mama hajulikani alipo. Kwamba kila siku hutembea mwendo mrefu kutafuta maji, na shule ya misheni imempa tumaini. Maji yenyewe yalitoka kwenye tangi lao! Mwendo wenyewe ni kukatiza uwanja wa mpira! Na aliyemtuma ni mimi, kwa sababu wao walinifungia bomba!

Nilimpa mume wangu ile kalenda. Yeye si mtu wa makelele. Hata akichukizwa na mwanafunzi hushusha sauti badala ya kuipandisha. Alisoma, akavua miwani akaifuta, akasoma tena.

"Kumbe nimeshakufa," akasema.

Binti yetu alikuwa amesimama kati yetu. Alikuwa anajua kusoma Kiingereza vizuri kuliko sisi sote wawili. Akasema, "Baba, hiyo ni siku ile nilipoambiwa nisicheke."

Jumatatu tuliomba kumwona mkuu. Tulikaa ofisini kwake watu watano: yeye, dada wa kamera, naibu wa mkuu ambaye alikuwa Mkamba wa Machakos pale pale, mume wangu na mimi. Tulizungumza Kiingereza.

Mkuu alianza kwa kusema anaelewa tumeumia. "Lakini picha haimsemei binti yenu peke yake," akasema. "Inawasemea watoto wengi."

"Basi mngewapiga picha hao wengi," nikamwambia, "kwa majina yao, kwa ruhusa ya wazazi wao, na kwa habari zao za kweli."

Dada wa kamera alikuwa amekunja mikono mapajani, uso umemwiva. "Nilibadilisha jina ili kumlinda," akasema.

"Kumlinda na nani? Na baba yake?"

"Sikujua ni mtoto wa mwalimu."

Sikuweza kukaa. Nilisimama. "Hukujua, au hukuuliza? Angekuwa mtoto wa mpishi ingekuwa halali? Ulimwona mtoto mweusi amebeba maji ukamfanya yatima papo hapo. Anasoma katika shule hii! Anaimba kwaya kila Ijumaa mbele ya macho yako! Ulimwona kila siku, na hukumtambua alipovua viatu."

Naibu alikuwa anatazama nje ya dirisha, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Ndipo mume wangu akasema, kwa ile sauti yake ya chini. "Chumba changu cha darasa ni cha tatu kutoka kwenye tangi. Jumamosi ile nilikuwa humo nasahihisha madaftari. Mlango ulikuwa wazi. Mngepiga hatua thelathini mngenikuta hai."

Mkuu akaguna kwa huruma, akafumba macho, akasema, "Tuombe."

"Hapana," nikasema.

Alifumbua macho. Nadhani katika miaka yake yote Machakos hakuwahi kuambiwa hapana kwa jambo lile.

"Tutaomba tukimaliza," nikamwambia. "Kwanza kalenda zilizobaki zitolewe. Pili, kila kanisa lililopelekewa liandikiwe ukweli. Tatu, mtoto aombwe radhi."

"Nawaomba radhi, kwa moyo wangu wote," akasema.

"Si sisi. Yeye."

Siku mbili baadaye alishuka. Hakuwa amewahi kukanyaga upande wetu wa uwanja wa mpira. Alikaa kwenye kiti chetu cha mbao, magoti yakiwa juu kwa sababu kiti ni kifupi, na binti yetu akaketi mbele yake na sare yake ya shule. Alimwamkia kwa shikamoo. Mkuu akasema "asante," maana hata hilo hakuwahi kujifunza, kisha akamwambia, na hapa nampa haki yake, bila kuzungukazunguka, kwamba shule ilisema uongo juu yake na kwamba anasikitika.

Binti yangu akafikiri. "Wale watu bado wananiombea nipate baba?"

"Labda wengine."

"Mtawaambia ninaye?"

"Tutawaandikia."

Kalenda zilizobaki stoo zilichomwa, hilo niliona. Picha ikaondolewa kwenye mtandao wa shule. Barua kwa makanisa sikuiona. Niliuliza, nikaambiwa inaandikwa. Niliuliza tena, nikaambiwa inapitiwa na bodi. Mara ya tatu nikaambiwa kwamba barua ya namna hiyo yaweza kuwavunja moyo wafadhili na mwishowe watakaoumia ni watoto. Watoto! Neno hilo walilitoa mfukoni kila walipobanwa.

Na maji? Wiki moja baada ya kikao kile fundi alikuja na spana, akainama nyuma ya uwanja, akafungua koki moja, akaondoka. Hakukaa hata dakika kumi. Tangu siku ile nyumba zote za chini zikapata maji kila siku. Jirani yangu mpishi alisimama mbele ya bomba lake akiwa ameshika kiuno.

"Madam, mimi nimeishi hapa miaka kumi na nne," akaniambia. "Nimebeba mitungi na mimba. Kumbe ilikuwa tu hiyo kitu ya kuzungusha?"

Hakufurahi. Alikuwa na hasira, na mimi pia. Watu wa juu walitarajia tushukuru, na mmoja wao aliniuliza kama sasa tunajisikia vizuri. Nilimwambia kwamba nikifikiria ile koki najisikia vibaya zaidi kuliko zamani.

Barua tuliiandika wenyewe. Yule bibi wa nywele nyeupe alikuwa ameniachia anwani yake siku ile ya chai, kwa aibu, karibu kwa kunisihi. Binti yangu alimwandikia kwa mkono wake: jina lake halisi, kwamba baba yake anafundisha hesabu na hukoroma, kwamba mama yake ni mkali, kwamba anapenda muthokoi na hapendi kuamka. Tukatia picha ya sisi watatu tuliyopiga studio mjini, binti akicheka hadi macho hayaonekani.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Bibi yule aliandika kwamba alisimama kanisani kwao na kusoma ile barua yote kwa sauti. Wengine waliona haya, wakaenda nyumbani kuondoa kalenda ukutani. Wengine walimwambia hakukuwa na sababu ya kuiondoa, kwa kuwa picha ni nzuri mno. Aliandika hivyo hivyo, hakupunguza. Nilimheshimu kwa kutopunguza.

Kabla ya muhula kwisha, naibu wa mkuu alinikuta nikitoka maktaba. Tangu siku ya kikao alikuwa akinikwepa. Akanisalimia, akasimama akizungusha funguo kidoleni.

"Madam, hiyo siku ofisini sikusema kitu."

"Niliona, mwalimu."

"Si ati sikutaka." Akaacha kuzungusha funguo. "Msichana yangu pia alipigwa picha. Zamani, akiwa na miaka sita. Waliandika ati tulimtupa. Mimi nilikuwa mwalimu hapa hapa. Nikaona hiyo picha, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa natafuta hii kazi ya naibu. Saa hii yeye ni mwanasheria, anaishi Syokimau, anapanda treni asubuhi kuenda ofisi Nairobi. Na sijawahi mwambia."

Nilikuwa nimemchukia kwa ule ukimya wake, nikiwa nimeshamweka kundi moja na wale wengine, na sasa alikuwa mbele yangu mtu mzima mwenye mvi. Nilimwambia, "Mwambie." Akasema, "Atanidharau." Nikasema, "Labda. Lakini atajua nani alimtupa na nani hakumtupa." Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Mwezi mmoja baadaye gari dogo jeupe lilisimama mbele ya ofisi ya mkuu, akashuka mwanamke wa suti ya kijivu na faili kwapani, na naibu akamfuata ndani akiwa amefunga tai. Walikaa humo saa mbili. Sijui yaliyosemwa. Najua kwamba muhula uliofuata kulikuwa na kanuni mpya ukutani, kwamba hakuna mtoto wa kupigwa picha bila sahihi ya mzazi, na kwamba dada wa kamera alirudi kwao.

Sisi tulimaliza mkataba wetu, hatukuongeza. Waliotuaga kwa machozi ni watu wa nyumba za chini na wauza mboga wa Mumbuni. Mpishi alitufungia kilo tano za mahindi yaliyokobolewa, akaniambia nisithubutu kusema huko kwetu kwamba tui la nazi lilikuwa wazo langu.

Sasa tuko Njombe. Binti yangu ana miaka kumi na mitatu, anaandikiana na yule rafiki yake wa Machakos kwa simu yangu, nusu Kikamba. Juzi nilimwambia kwamba ninaandika habari hii, nikamuuliza kama inamuudhi nikiitaja picha.

"Mama, mimi nilishasahau," akasema, bila kuinua macho kwenye simu. "Wewe ndiye hujasahau."

Ni kweli. Sijasahau. Mtu akiniuliza Machakos palikuwaje namwambia watu wake walinipa benchi nikiwa sijui pa kukaa. Akiniuliza kuhusu misheni, nachelewa kujibu, kwa sababu nikianza sauti yangu hupanda, na mume wangu huondoka kwenda kumwagilia maharage yake nyuma ya nyumba.